Kabla Hujasema Kijana Amepanda

Kijana akiruka sentimita 31 leo, na juma lililopita alifika 29, usitangaze chochote bado. Nafundisha mazoezi ya kasi hapa Lamu, wachezaji mpira pamoja na mabaharia wa mashindano ya majahazi, na siku hizi kabla sijauliza kama mtu amepanda, nauliza kwanza: huyu kwa kawaida yake huyumba kiasi gani?

Tuseme ameruka mara tano akapata 30, 31, 29, 32 na 28. Wastani ni 30, mkengeuko sanifu, yaani kiasi namba zinavyotawanyika kuuzunguka wastani, ni kama 1.6. Ugawe kwa wastani, zidisha kwa mia, unapata asilimia 5 na kitu. Hapo sentimita moja ya ziada haina habari yoyote, hata kama mwenyewe anaapa ni yale mayai aliyoanza kula.

Kwa mruko, simu inatosha mradi inapiga video ya picha 240 kwa sekunde. Hesabu picha tangu vidole vinapoachana na sakafu hadi vinapogusa tena, upate muda wa hewani. Uzidishe muda huo kwa wenyewe, kisha kwa 9.81, ugawe kwa 8, upate urefu kwa mita. Nusu sekunde ni karibu sentimita 31. Ukikosea picha moja umepotea nusu sentimita. Kwa video ya picha 30 kosa hilohilo ni kama sentimita 4, na hapo hujapima kitu. Atue miguu imenyooka kama alivyoondoka, maana wajanja hukunja magoti hewani wakaiba muda. Tumia sakafu ngumu. Mchanga wa Shela mwachie mazoezini. Nasi hupima baada ya Alasiri tu, kwa kuwa mwili wa asubuhi hautoi namba za jioni. Mwezi wa Ramadhani una daftari lake.

Umeme wa misuli ndio wenye kazi. Vipo vifaa vidogo vya kubandika elektrodi, vibandiko vya kunasa umeme huo, juu ya ngozi, na watu huviamini kupita kiasi. Havipimi nguvu. Vinaonyesha msuli umeamshwa lini na kwa kiasi gani, tena umeme hutangulia, nguvu hufuata baada ya kitambo kidogo sana. Ishara yenyewe nyingi iko kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 20 na 450 hivi, kwa hiyo kifaa kisichosoma angalau mara 1000 kwa sekunde kinakata sehemu yake.

Zoezi la kasi linaongeza balaa. Baharia akivuta kamba kwa ghafla kama anayetweka tanga, waya hucheza, na mchezo huo wa waya huingia kwenye mchoro ukafanana na kazi ya msuli. Funga waya zote kwa plasta hadi zisitikisike. Nyoa nywele, sugua ngozi kwa spiriti, ngoja ikauke, weka elektrodi kufuata nyuzi za msuli, sentimita 2 kutoka kati hadi kati, kama SENIAM, mradi wa Ulaya wa upimaji wa umeme wa misuli, ulivyopendekeza. Kwa joto letu jasho hubandua kila kitu, basi pima kabla ya mazoezi mazito, penye upepo. Alama ya mahali pa elektrodi naiweka kwa hina. Kalamu hutoka siku ileile, hina hukaa. Wenzake wakimcheka kwa hina ya pajani, wacheke.

Usilinganishe namba za leo na za juma lijalo moja kwa moja. Kila siku, elektrodi zikiwa palepale, mwambie kwanza asukume au avute kwa nguvu zake zote kitu kisichosogea, mkanda uliofungwa nguzoni kwa mfano, kisha zoezi lote ulieleze kama asilimia ya kiwango hicho.

Maneno yako nayo yasibadilike. "Haraka uwezavyo" leo na "jitahidi" kesho ni vipimo viwili tofauti. Watazamaji wa barazani nawaomba wanyamaze au washangilie kila siku. Ni wagumu kutii, lakini mmoja akipiga kelele pale kati mruko ule naufuta.

Katika mazoezi yenyewe nafuata kasi ya vyuma vinavyonyanyuliwa. Vya kwetu vingi ni saruji iliyomiminwa makoponi, basi pima upana wa kopo kwa rula ndipo video ikupe kasi kwa mita. Kasi ikishuka kwa moja ya tano kutoka mnyanyuo wa kwanza, nakata seti, hata kama kijana bado anataka.