Waliofungwa Haiti, na kalamu zetu Malindi

SWALI: Sisi wafanyakazi wa chumvi huku Gongoni tumesoma habari za wenzetu wa shamba la michungwa la Guacimal, Haiti, waliotiwa ndani mwaka 2002 kwa harakati za chama chao. Dhuluma kama hiyo ikitokea, barua zetu zitafaa?

JIBU: Ndugu zangu, zitafaa, mradi ziwe za hoja na si za matusi. Haiti iliridhia Mkataba Na. 87 wa Shirika la Kazi Duniani mwaka 1979, unaolinda uhuru wa kuunda vyama, kwa hiyo serikali inayomweka mwanachama korokoroni bila kesi inavunja ahadi yake yenyewe. Pitieni chama chenu: kamati ya shirika hilo ya uhuru wa vyama, iliyoko Geneva, hupokea malalamiko ya vyama, si ya mtu binafsi, hata akiwa na hati nzuri namna gani.