Mimi nampa Mjapani ushindi

Swali la wiki hii lilikuwa: nchi ipi inambana zaidi dereva aliyekunywa? Wengi watakimbilia kiwango cha kilevi, na kwa kipimo hicho Uswidi, Norwe na Poland ni kati ya zilizo kali: miligramu 20 tu katika mililita 100 za damu. Ujerumani ni 50. Tanzania na Uingereza ni 80, ingawa Uskoti ilijishushia hadi 50 Desemba 2014. Ile 0.08 ya Marekani ni 80 hiyohiyo, imeandikwa tu kwa asilimia; jimbo la Utah peke yake ndilo lililoshuka hadi 0.05.

Tofauti ya 80 na 20 ni kubwa kuliko inavyoonekana. Bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina gramu kama 20 za kilevi. Kwa mwanamume wa kilo 70 mwenye njaa, kila chupa inapandisha kilevi cha damu kwa takriban miligramu 40. Akipiga tatu harakaharaka, akamaliza saa sita usiku, yuko kwenye 120. Mwili unapunguza kama 15 kwa saa, na kahawa wala maji ya baridi hayauharakishi. Kwa hiyo Uingereza atakuwa chini ya mpaka karibu saa tisa usiku. Uswidi hana ruhusa ya kugusa usukani mpaka inakaribia saa moja asubuhi. Hapo ndipo wanaponaswa hawa wa asubuhi, waliolala wakaamka wakijiona wazima. (Hayo ni makadirio, jamani, msiyatumie kupangia safari.)

Lakini kiwango cha chini si lazima kiwe na adhabu kali. Ujerumani, ukikutwa kati ya 50 na 109 kwa mara ya kwanza, na hukuyumba wala kusababisha hatari, ni faini ya euro 500, pointi mbili za makosa kwenye rekodi yako ya udereva na mwezi mmoja bila kuendesha. Uingereza yenye 80 yake, ukizidisha tu, leseni inaondoka kwa angalau miezi 12, na hakimu hana nafasi kubwa ya kukuhurumia. Kukataa kupuliza kipima-kilevi bila sababu ya maana nako ni kosa linalojitegemea. Udhaifu wa Waingereza uko barabarani: trafiki anaweza kusimamisha gari lolote, ila kukupulizisha anahitaji akushuku, au uwe umevunja sheria ya barabara, au umepata ajali. Jimbo la New South Wales, Australia, tangu Desemba 1982 anapulizishwa yeyote anayepita, mlevi na shehe.

Japani imeunganisha vyote. Mpaka wake ni miligramu 0.15 kwa lita ya pumzi, sawa na kama 30 ya damu. Kisha tangu 2007 sheria inawafuata waliomzunguka dereva: aliyemmiminia akijua ataendesha, aliyeomba lifti akijua dereva amekunywa, na aliyemwazima gari. Huyu wa gari anapata adhabu ileile ya dereva. Dereva akiwa amelewa chakari, ni hadi miaka 5 jela au yen 1,000,000. Mwenye baa naye haponi, ndiyo maana huko mhudumu anakuuliza umekuja na nini kabla hajakuletea glasi. Na ukimjibu baiskeli, tangu Novemba 2024 bado hujasalimika.