Shokapu zinavuja, kigari kinarukaruka

SWALI: Kigari changu cha mashindano, cha rimoti na umeme, kipimo cha 1/10, kikikimbia dakika chache kwenye vumbi la Nzuguni kinaanza kurukaruka nyuma. Shokapu zimelowa mafuta. Niweke mafuta mazito zaidi? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Hapana, yatavuja vilevile. Vumbi la huku limejaa chembe za mchanga. Zikinata kwenye shafti (fimbo inayoingia na kutoka kwenye shokapu) hutafuna oringi, ile pete ya mpira inayozuia mafuta, mafuta yakatoka na hewa ikaingia. Fungua shokapu, pitisha ukucha kwenye shafti. Ukikwama kwenye mchubuko, badilisha shafti kwanza, la sivyo oringi mpya haifiki mbali. Oringi zipake grisi ya silikoni. Ile ya magari huzivimbisha, na hapa ndipo wengi huharibu.

Jaza mafuta ya silikoni namba 30 au 35 (namba ya uzito wa mafuta, "wt"), chezesha pistoni taratibu, acha shokapu wima dakika 10 mapovu yaishe, ndipo ufunge. Zibonyeze zote mbili pamoja bila springi: moja ikirudi haraka kuliko mwenzake, ifungue tena. Mafuta hulainika kwa joto, kwa hiyo usipime asubuhi ya Julai ukashindana saa nane mchana. Baada ya mbio, futa shafti kwa brashi kavu. Upepo wa kompresa husukumia vumbi ndani.