Vijana wa HR, hiyo manila ya kilo ishusheni ukutani

Juzi Jumatatu nimeingia kiwandani saa moja kasoro, nikapita kantini kuchukua chai, nikakuta manila ya njano imebandikwa pembeni ya dirisha la mama wa chapati. Majina kumi na nane ya watu wa pakeji, mbele ya kila jina kilo za mwanzo na kilo za sasa, juu kwa maka pen nyekundu SHINDANO LA AFYA, MSHINDI BAISKELI. Nikasimama pale mpaka chai ikanipoa mkononi.

Wadogo zangu mlioibandika, sijawakasirikia na najua mlikesha mkiiandaa. Lakini nimeibandua mwenyewe na nitawaambia kwa nini, na kwa kuwa kila mwaka HR wapya wakija hapa Tanga wanaanza na hilohilo, naandika kabisa ili na wengine wasome.

1. Angalia rosta kabla ya kupanga bonanza. Mwaka wangu wa pili niliweka bonanza Jumamosi saa tatu asubuhi kule Raskazone, jezi nimeshona, maji yapo, muziki upo, na shifti ya usiku imetoka saa moja. Wale watu walikuja kwa sababu meneja kasema lazima waje. Golikipa wa stoo alilala golini ameegemea nguzo, kweli kabisa, amelala, goli linaingia watu wanamcheka na yeye hana habari. Mke wake alikuwepo na hakucheka, akanifuata akaniambia dada, huyu ana siku sita hajalala usiku, nyie mnamkimbiza juani kwa afya ipi? Sikuwa na jibu. Tangu hapo bonanza ni mara mbili, kila shifti na siku yake ya mapumziko, basi.

2. Zawadi ivute mtu kuanza, usitegemee ifanye zaidi ya hapo. Chuo Kikuu cha Illinois kule Marekani waliwagawa wafanyakazi wao, karibu 5,000, kwa bahati nasibu, wengine wakaingizwa kwenye programu ya afya kazini na wengine wakaachwa, matokeo yakachapishwa 2019. Bila zawadi waliokubali kupima afya walikuwa asilimia 47, kwa dola 100 wakafika 59, wakaongeza mpaka dola 200 wakafika 63 tu. Na waliojiunga walikuwa tayari na afya nzuri na gharama ndogo za matibabu kabla hata programu haijaanza, gharama zenyewe hazikushuka na utoro haukupungua. Sasa waangalie wanaokimbilia mashindano yenu, si walewale wa mazoezi ya jioni? Yule wa presha anayejificha stoo siku ya kupima hamjampata bado.

3. Kilo. Hapa nitakaa kidogo.

Miaka kadhaa nyuma, kiwanda kingine hapahapa Tanga, niliendesha shindano kama hili lenu, miezi mitatu. Mzani niliununua mwenyewe Ngamiani, manila nikaibandika mwenyewe. Alikuwepo kaka mmoja dereva wa foklifti, mnene kiasi, mpole, mtu wa Pongwe. Wiki ya nne ameshuka kilo tatu, tukapiga makofi. Wiki ya nane kilo saba. Kila ukimwona ana chupa ya lita moja na nusu, anakunywa, anajaza tena, na mimi kwenye toolbox, kile kikao kifupi cha kabla ya kazi, nilikuwa nasimama mbele ya watu nasema muigeni huyu, maji ndiyo siri. Supavaiza wake akaja kulalamika kwamba jamaa anaacha foklifti kila baada ya nusu saa anaenda chooni. Nikamjibu mwache, mwili unajisafisha. Hayo maneno niliyasema kwa mdomo wangu.

Mwisho wa mwezi wa tatu ameshuka kilo 11. Nilimwita mbele, shati linamning'inia mabegani, nikamkabidhi baiskeli nyekundu ikiwa na nailoni yake, tukapiga picha, picha ikaenda makao makuu na mimi nikapongezwa kwa barua.

Siku ya tisa, shifti ya usiku, akaanguka kwenye ngazi ya foklifti. Tulimkimbiza hospitali ya Bombo. Nesi alimchoma kidole, kile kimashine hakikutoa namba, kiliandika HI tu, maana yake sukari imepita mwisho wa kipimo. Kiu ile, choo kile, kilo zile, vyote vilikuwa sukari, mwili hauwezi kuitumia sukari yake ukawa unajila mafuta na misuli huku figo zikiimwaga sukari pamoja na maji. Dalili zote tatu nilikuwa naziona kila siku na nilizitundikia baiskeli.

Alfajiri mkewe akanikuta kwenye benchi la nje. Hakunitukana, afadhali angenitukana. Akasema, mama, nilimwambia akapime tangu mwezi wa pili, anaamka mara tano usiku, akaniambia ngoja kwanza baiskeli ipatikane, wakikuta naumwa watanitoa kwenye shindano.

Alipona, anatumia insulini, yupo kazini mpaka leo. Nilienda kwao Pongwe kumwomba radhi, nikakuta baiskeli imeegemezwa ukutani, nailoni haijatolewa. Akaniambia yameisha dada, kaa unywe chai. Nilikunywa, lakini kwangu hayajaisha, na ndiyo maana manila yenu imenishinda kuitazama.

4. Majibu ya vipimo ni ya mfanyakazi na daktari. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inataka watu wapimwe, na ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, kwa hiyo hata kwenye grupu la WhatsApp la idara msiweke, hata kwa nia njema.

5. Mtu akishuka kilo haraka bila maelezo, mpeleke kwa nesi siku hiyohiyo.

6. Kabla hamjaomba bajeti ya yoga hakikisheni watu wanapata saa yao moja ya mapumziko na siku zao 28 za likizo, maana pale pakeji kuna mama hajaenda likizo miaka miwili na jina lake lipo kwenye manila yenu, ameongezeka kilo nne, watu wanamtania kila akija kuchukua chapati. Mmemuuliza anakula saa ngapi? Mimi nimemuuliza jana. Anakula saa nne usiku, akishafika nyumbani na kupikia watoto, kwa sababu mchana mashine haisimami na hana wa kumpokea. Nimeshaongea na meneja uzalishaji, kuanzia Jumatatu atapata wa kumpokea.

Manila ipo kwenye droo yangu, nimeikunja majina yakae ndani. Baiskeli kama imeshanunuliwa tutaichezesha bahati nasibu kwa wote watakaofika kwa nesi kupima, awe mnene awe mwembamba, namba zao abaki nazo nesi. Na mzani mpelekeeni leo, wa kwake umeharibika.