Soketi kuingia haimaanishi ECU imekubali

Mkuu wa Mafinga, usichomeke hiyo ECU (boksi la kompyuta linaloendesha injini). Umeandika kwamba pikipiki yako ya Honda ni ya soko la Ulaya, boksi lake limeingia maji, umepata lingine la modeli ya Marekani, "soketi ni ile ile kabisa", na Jumamosi fundi anafunga. Mzuie. Kiwanda kinatumia soketi moja kwa nchi nyingi, halafu kinapanga pini kufuatana na vifaa vya kila soko: huku sensa ya lambda inayopima oksijeni kwenye moshi, kule vali ya mvuke wa petroli, kwingine funguo yenye chipu. Soketi inaingia vizuri na bado pini tatu zina kazi nyingine.

Hiyo kauli ya "ikiingia imekubali" niliuziwa na mimi. Aliyeniuzia alikuwa na rafu nzima ya maboksi na hakuna mchoro wa waya hata mmoja aliowahi kufungua. Nililipia maboksi mawili na sensa ya throto (mlango wa hewa wa injini). Inaniuma kuona watu bado wanaambiwa maneno yale yale.

Sasa sikiliza kosa lenyewe, maana hata fundi mzuri analifanya. Mtu anachomoa boksi, anawasha swichi, anapima soketi kwa mita. Pini fulani inasoma volti 12. Anasema sawa, hiyo ni nozeli (sindano ya kupulizia petroli) au solenoidi (vali ya umeme), kwa sababu nozeli inapewa umeme upande mmoja na ECU inaivuta ethi upande wa pili. Shida ni kwamba volti 12 iliyopita kwenye koili ya nozeli na volti 12 iliyotoka fyuzini moja kwa moja, mita inazionyesha sawasawa! Kwenye boksi la nchi nyingine, pini ile inaweza kuwa ya transista ya kuvuta ethi. Ukiwasha swichi, transista inaunganisha fyuzi na ethi bila kitu chochote katikati. Inaungua kabla fyuzi haijakatika, na nje boksi linabaki safi, halina hata alama.

Kwa hiyo usiishie kwenye volti. Chomoa betri, weka mita kwenye ohmu, pima kutoka pini hiyo hadi waya unaotoka kwenye fyuzi ya mfumo wa sindano. Ukisoma ohmu 11 hadi 13, hiyo ni nozeli ya Honda. Ukisoma ishirini na kitu, mara nyingi ni solenoidi. Ukisoma karibu na sifuri, ni umeme wa moja kwa moja, na haitakiwi kukutana na pini yoyote ambayo mchoro wa boksi jipya hauiandiki kuwa ya kuingiza umeme. Fanya hivyo pini kwa pini, michoro yote miwili ikiwa mezani. Ni kazi ya saa mbili. Kama huna mchoro wa modeli ya Marekani, huna ruhusa ya kuwasha swichi, basi.

Hata ukishalinganisha, mara ya kwanza toa fyuzi hiyo na uweke taa ya volti 12, wati 21 mahali pake. Chomoa pampu na nozeli kwanza. Taa hiyo haipitishi hata ampea 2. Ikiwaka kwa nguvu zote, zima, kuna shoti. Isipowaka hivyo, pima soketi ya sensa ya throto: iwe kati ya volti 4.75 na 5.25.

Namba za kwenye lebo: kwenye Honda ECU huanza na 38770, Suzuki 32920, Kawasaki 21175, na Yamaha ina 8591A katikati. Hiyo inakwambia tu kwamba ni ECU. Kinachokuhusu ni herufi za modeli na mkia wa mwisho, kwa hiyo soma yote.

Kama boksi lina HISS (mfumo wa Honda wa kuzuia wizi kwa chipu ya funguo), dai funguo yake ya asili pamoja na boksi. Chipu ikikaa karibu na ile pete ya swichi inasomwa. Taa ya HISS iwake kama sekunde 2 na kuzima. Ikibaki inawaka, starta itazungusha injini mpaka betri iishe na cheche hutaiona.

Wanaokushauri uweke rezista mahali pa solenoidi usiyokuwa nayo hawakwambii wati. Ohmu 24 kwenye volti 14 ni wati 8, kile kirezista kidogo cha redio kitayeyusha soketi. Weka cha wati 10 au zaidi, mbali na plastiki.

Na kwa huku kwetu juu, pima sensa ya shinikizo la hewa kwa mashine ya kusomea data za ECU. Mbeya mjini, swichi imewashwa na injini imezimwa, isome karibu kilopaskali 82. Ikisoma 100, boksi linadhani liko Dar, litamwaga mafuta na plagi zitakuwa nyeusi kama masizi.

Piga picha lebo za maboksi yote mawili, na soketi upande wa nyuma rangi za waya zionekane. Ziweke hapa leo, kabla hujatuma hela.