Mwanangu, kabla hujakiandika hicho kifungu

Karatu

Mwanangu Rehema,

Ujumbe wako nimeusoma, nikaurudia baada ya chai ya jioni, kisha mama yako akanisomea tena kwa sauti. Unauliza kama ni sawa wanamichezo na wasanii kusema mambo ya siasa kwenye matamasha. Unauliza kwa sababu kwenye mbio zenu za mwaka huu pale Arusha yule binti mwimbaji alisimamisha bendi kabla ya wimbo wa mwisho, akazungumzia familia zilizotolewa mashambani bila fidia. Mdhamini akanuna. Sasa kamati inataka mkataba wa mwakani uwe na kifungu cha kumkataza msanii yeyote kugusa siasa jukwaani, na wewe ndiye uliyepewa kazi ya kukiandika.

Nitakujibu. Ila kwanza nikuulize: mgeni rasmi siku ile alizungumza muda gani? Maana nilikuwepo, nimekaa chini ya turubai na shangazi yako. Alikabidhiwa kipaza sauti kabla ya kuvisha medali, wakimbiaji wamesimama mpaka jasho limewakauka, akahesabu barabara, visima na madarasa, akafika hadi kwenye uchaguzi na nani anastahili kura. Kikundi cha ngoma kikamwimbia kwa jina lake. Sikumwona mdhamini akinuna. Alipiga makofi.

Siasa ilifika uwanjani kabla ya mchezaji. Najua mmelichoka neno hili langu, kaka yako huwa ananimalizia kabla sijafika katikati. Lakini nalisema tena kwa sababu kamati yenu inaongea kana kwamba uwanja ulikuwa safi mpaka yule binti alipofungua kinywa.

Habari za mwanariadha wetu Filbert Bayi umekua nazo. Mlikuwa mkigombana uani nani awe Bayi na nani awe John Walker, na wewe kila mara ulisusa kuwa Walker. Kwa hiyo ya Christchurch sina haja ya kukueleza sana. Tarehe 2 Februari 1974, Michezo ya Jumuiya ya Madola, fainali ya mita 1500. Kijana wa hapa hapa Karatu, mwanajeshi, alitoka mbele bunduki ilipolia na hakumngoja mtu. Wakati ule mabingwa walikuwa wakiviziana mpaka mzunguko wa mwisho ndipo mtu afyatuke. Yeye aliwafungulia mbio tangu hatua ya kwanza, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Walker wa New Zealand alimfukuza hadi kwenye utepe, naye akawa amepita chini ya rekodi ya zamani, lakini akawa wa pili. Ben Jipcho wa Kenya akawa wa tatu. Mwaka uliofuata Bayi akachukua na rekodi ya maili kule Kingston, Jamaika, na Walker akaja kumpokonya kabla mwaka haujaisha. Hapo kila mtu akawa anasubiri Olimpiki ya Montreal ya 1976 wakutane.

Ya Montreal ndiyo huwa naipita haraka.

Nilikuwa kidato cha tatu, niko nyumbani likizo. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini kwa Makaburu na ubaguzi wao wa rangi, na Juni 16 mwaka huo huo polisi walikuwa wamewapiga risasi wanafunzi wa Soweto walioandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikaans. Nchi za Afrika zikadai New Zealand itolewe kwenye Olimpiki. Wakubwa wa Olimpiki wakajibu kwamba raga si mchezo wao, haiwahusu. Tanzania ikajitoa, na nchi nyingine zaidi ya ishirini, Kenya ikiwemo.

Babu yako alikuwa balozi wa nyumba kumi, unajua alivyokuwa na msimamo. Redio iliposema hatuendi, alisema "Vizuri sana" na akaendelea kunoa jembe lake. Mimi nilitoka nikaenda kukaa kule kwenye zizi. Tarehe 31 Julai Walker akashinda mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 39.2. Rehema, sekunde saba! Sekunde saba nyuma ya muda wa Bayi wa Christchurch. Mbio zilijivuta kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuwakokota kutoka mbele. Nilizipata zile namba, nikaziandika kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko, 3:39.2 juu na 3:32.2 chini yake, nikapiga mstari na kutoa kama hesabu ya darasani. Bibi yako alipoona alinipa udongo na maji, nikausiriba ukuta wote upya. Hata leo mtu akinitajia Montreal, naiona ile hesabu.

Wapo wanaosema Bayi alikuwa ameugua malaria siku chache kabla, na pengine asingefua dafu. Inawezekana. Lakini ningependa ashindwe akiwa kwenye njia yake, ameanza mbele kama kawaida yake, si ashindwe akiwa hayupo. Na Walker naye alikuwa na kosa gani? Hakucheza raga. Alipewa medali ambayo mpaka leo watu huizungumzia kwa kumtaja mtu ambaye hakukimbia.

Halafu upande mwingine wa moyo wangu unasema: nyamaza wewe. Wale watoto wa Soweto walikuwa rika lako. Walikuwa na sare za shule kama yako. Dunia nzima ingetazama mbio Julai kama kwamba Juni haikuwepo.

Nilipokuwa kazini Morogoro, kabla hujazaliwa, tulikuwa tunakwenda Mazimbu Jumapili kucheza mpira na vijana wa ANC, chama cha wapigania uhuru wa Afrika Kusini. Serikali yetu iliwapa lile shamba la zamani la mkonge wakajenga shule, Chuo cha Uhuru cha Solomon Mahlangu, ambapo leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Wengi wao walikuwa wamekimbia baada ya Soweto. Siku moja baada ya mechi, tumekaa tunakunywa maji, nikaona nimepata wa kuniambia. Nikamweleza mlinda mlango wao habari ya Bayi. Nilitegemea anishukuru kwa niaba ya Watanzania. Akasema, Bayi angekimbia tu. Akasema, mimi ningetaka kumwona Mwafrika mweusi anampiga yule Mzungu, mbele ya kamera zote, na Makaburu wanaangalia. Kukaa nyumbani kulinisaidia nini?

Dada mmoja aliyekuwa anafunga viatu pembeni akamkatiza kwa ukali. Alisema kule kwao waliamini wako peke yao mpaka waliposikia Waafrika wamefunga mizigo yao Montreal na kuondoka. Wakabishana kwa lugha yao, mimi nimekaa katikati, hakuna aliyenikumbuka tena. Nimewafikiria wale wawili mara nyingi sana tangu wakati ule, na kila nikidhani nimeamua nani alikuwa sahihi, namsikia mwenzake.

Kwa hiyo usinione napingana na Mwalimu Nyerere. Kususia kulikuwa na haki, nasema hivyo. Lakini tuliongea kwa miguu ya Bayi. Uamuzi ulikuwa wa serikali, na mwanajeshi huamriwa. Siasa kubwa kuliko zote zilizowahi kufanywa na mwanariadha wa nchi hii alizifanya kwa kukaa nyumbani, na hayakuwa maneno yake.

Sasa sikiliza la 1980. Muhammad Ali unamjua, picha yake ilikuwa sebuleni kwa mjomba wako. Mwaka 1967 alikataa kuingia jeshini kwenda Vietnam, wakamvua ubingwa, akakaa zaidi ya miaka mitatu bila kupigana, miaka ambayo bondia hawezi kurudishiwa. Yale yalikuwa maneno yake na gharama alilipa mwenyewe. Februari 1980 mtu huyo huyo akashuka Dar es Salaam akiwa ametumwa na Rais Jimmy Carter, aje kutushawishi tususie Olimpiki ya Moscow kwa sababu jeshi la Kisovieti liko Afghanistan. Mwalimu akakataa kuonana naye. Waandishi wakamuuliza: sisi tulipojitoa Montreal, mbona Marekani haikutuunga mkono? Ikaonekana hata hakuwa ameelezwa jambo hilo, na yeye mwenyewe akaanza kujiuliza kama anatumiwa.

Niliposikia hivyo nilimhurumia kama ndugu. Mtu aliyepoteza kila kitu kwa kusema lake, sasa amebebeshwa la mwingine na hata hajasomewa lote. Lakini hapo ndipo nabanwa tena. Mwalimu hakupenda kuletewa bondia awe mjumbe wa serikali. Na sisi miaka minne kabla tulikuwa tumemfanya nani mjumbe?

Moscow tulikwenda. Bayi alikuwa amehamia mita 3000 za kuruka viunzi na maji, akakimbia vilevile kama Christchurch, mbele, peke yake, mpaka Malinowski wa Poland akamfikia mzunguko wa mwisho. Medali ya fedha. Suleiman Nyambui naye fedha kwenye mita 5000. Kaka yako jina lake amelipata hapo, wala sikumwuliza mama yako, niliingia wodini nikasema huyu ni Filbert. Hadi Paris 2024 nchi yetu haijapata medali nyingine ya Olimpiki zaidi ya zile mbili.

Unaweza kuniambia, baba, hayo ni ya serikali, mimi nimeuliza habari za mtu mmoja na kipaza sauti. Haya. Tulitazama pamoja marathoni ya Rio mwaka 2016, wewe ukiwa unamshangilia Kipchoge. Aliyekuja nyuma yake, Feyisa Lilesa wa Ethiopia, alipokaribia utepe aliinua mikono juu ya kichwa akaipishanisha kama mtu aliyefungwa pingu. Ulidhani anashukuru Mungu. Ilikuwa ishara ya Waoromo, watu wa kabila lake, waliokuwa wakiandamana kwao na kuuawa. Kanuni za Olimpiki zinakataza maonyesho ya siasa uwanjani, na yeye alilijua hilo. Hakurudi nyumbani mpaka 2018. Mke na watoto aliwaacha huko, wakamfuata Marekani baadaye. Hakutumwa na mtu. Hicho kifungu cha kamati yenu kingemfanya nini yule mtu? Kingemwongezea faini tu.

Lakini pia mimi si kipofu. Mama yako anasema, na ana haki, kwamba aliyelipa kiingilio alilipia muziki. Kuna mtu ametoka kwenye kazi ngumu wiki nzima, anataka kucheza na mkewe, hataki kuhutubiwa. Na kuna wasanii, hawa tunawaona kila kampeni, leo kofia ya rangi hii na kesho ya rangi ile, kulingana na bahasha. Yule akisimama kwenye jukwaa lako na kusema "mchagueni fulani", ni uhuru wa maoni au ni tangazo la biashara? Mimi huyo ningemnyang'anya kipaza sauti mwenyewe. Tena bila mkataba.

Ila nitamjuaje? Hilo ndilo linalonisumbua. Kwa nje wote wawili wanafanana, wameshika kipaza sauti, wanasema jambo ambalo halimo kwenye wimbo. Ukiandika kifungu cha kuwazuia wote, umemzuia aliyetumwa pamoja na mwenye uchungu wake. Ukiwaacha wote, mdhamini atapeleka fedha zake kwingine, na watoto wa shule wanaopata viatu kutokana na mbio zenu watakosa viatu. Hilo si dogo, na sitaki ujione mwoga kwa kulifikiria.

Mimi ninalo la kwako tayari. Nimeliandika mara mbili na mama yako amenifanya nilifute, anasema kazi ni yako na kamati ni yako, na mzee akishasema hutaamua tena, utatii tu. Basi naliweka. Ingawa hili moja hawezi kunizuia: kama mtaandika kwamba jukwaani hakuna siasa, kitajeni kifungu hicho na mbele ya mgeni rasmi, asomewe kabla hajakabidhiwa kipaza sauti. Kama hamthubutu kumsomea yeye, basi mtazamane vizuri kwenye hicho kikao kabla ya kumsomea binti.

Na kabla ya kikao mpigie simu yule mwimbaji. Si msemaji wake wala meneja wake, yeye. Muulize wale watu wa mashamba anawafahamu vipi, kama ni kwao, kama ni ndugu zake, au kuna mtu aliyempa karatasi. Mwambie na shida ya mdhamini ilivyo, usimfiche, usikie atasemaje. Tangu tamasha lile kamati imekaa mara ngapi kumjadili, na kuna hata mmoja aliyemuuliza kitu?

Akishakujibu niandikie, hata kama ni usiku. Nataka kujua.

Baba yako