Sailensi inapanda na kushuka, P0171: soma asilimia kabla ya kununua nozeli

Ndugu, umeeleza kwamba Toyota IST yako yenye injini ya 1NZ haitulii ikiwa sailensi (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), taa ya injini inawaka kwa kosa la P0171, na fundi amekutaka ununue nozeli nne mpya za kunyunyizia petroli. Usinunue bado. Gari langu lenye injini hiyo hiyo lilinipitisha njia hiyo: nilibadilisha plagi, nikabadilisha sensa ya oksijeni ya kwenye ekzosi, na mshale wa mizunguko ukaendelea kucheza kati ya 500 na 1,100 kwa dakika kana kwamba sijagusa kitu.

P0171 haisemi kwamba nozeli imekufa. Inasema mafuta ni machache mno kwa hewa iliyopo, ilhali kompyuta hulenga takribani gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya petroli. Ikiona upungufu, huzifungua nozeli kwa muda mrefu zaidi, na nyongeza hiyo unaweza kuisoma kwa asilimia kwenye simu, ukichomeka kile kifaa cha Bluetooth cha kusoma kompyuta ya gari chini ya usukani na kujumlisha mistari ya STFT (marekebisho ya mafuta ya muda mfupi) na LTFT (ya muda mrefu). Isome injini ikiwa imepata moto, kwanza sailensi, kisha ukishikilia mizunguko 2,500.

Langu lilisoma asilimia 22 sailensi, likashuka hadi 5 kwenye 2,500, na hapo nikajua kuna hewa inayopenya baada ya sensa ya hewa bila kupimwa. Sailensi injini huvuta hewa kidogo, kwa hiyo hewa hiyo ya wizi huwa sehemu kubwa; throtoli (mlango wa hewa ya injini) ikifunguka, humezwa na ile iliyopimwa. Kama asilimia ingekuwa ndogo sailensi na kukua gari linapopanda mlima, ningeshuku pampu ya mafuta, chujio lake, au sensa ya hewa iliyochafuka.

Ufa niliutafuta kwa maji, nikinyunyiza kidogo kidogo kwenye mipira na gasketi ya manifoldi ya kuingizia hewa, mbali na koili za kuwashia plagi. Wengi hutumia kabureta klina, lakini mimi siipendi karibu na ekzosi ya moto. Nilipofika kwenye mpira wa PCV (unaorudisha mvuke wa ndani ya injini kwenye manifoldi), mlio wa injini ukabadilika kwa sekunde mbili hivi. Kwa juu mpira ulionekana mzima kabisa. Nilipoupinda, ufa wa urefu wa ukucha ukafunguka upande wa chini. Niliweka mpira mpya, nikafuta kosa, na baada ya siku mbili asilimia ilikuwa 3.

Maji yasipobadilisha chochote, kagua kama ekzosi inavuja kabla ya sensa ya oksijeni, au kama koili moja inakosa kuwasha, kwa sababu oksijeni isiyoungua huidanganya sensa ikadhani mafuta ni machache. Vilevile, ukisafisha throtoli au kuchomoa betri, sailensi inaweza kuyumba mpaka kompyuta ijifunze upya, kwa hiyo usitoe hukumu siku hiyo hiyo. Ukishapima, weka hapa namba zote mbili, ya sailensi na ya 2,500, tuziangalie.